Chumba cha Vioo Vyekundu

Mpaka leo nikiona kioo chekundu dirishani damu inanichemka. Wajukuu husema bibi amezeeka vibaya. Waseme.

Siku za Mwingereza mdogo wangu aliolewa Kisarawe, na mtoto wa mwenye duka. Yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili, mimi nimekwisha zaa mara mbili. Sisi ni wakulima wa Kurui, na wakwe wale walituona washamba. Baba mkwe alikuwa amenunua madirisha ya nyumba iliyobomolewa mjini, ya vioo vyekundu vitupu, akayatia kwenye chumba cha wageni, na kila mgeni alipelekwa humo akashangae. Mimi nilikiona chumba cha kijinga. Wali uliopakuliwa humo ulionekana kama umepikwa kwa udongo, na kanga ya kijani ya mama mkwe iligeuka nyeusi kama kaniki.

Kwa desturi yetu wakati ule, asubuhi baada ya harusi mume alimkabidhi kungwi, yule mama aliyemfunda bibi harusi, kitambaa cheupe kilichotandikwa kitandani. Kungwi alikipokea kimekunjwa, wala hakuruhusiwa kukikunjua peke yake, asije akashukiwa kukichezea. Alikiweka kwenye sinia, akakipeleka mbele ya wanawake wa upande wa mume. Wakiona doa la damu, vigelegele. Wasipoliona, binti ameaibika, na mama yake, na ukoo mzima.

Mama mkwe akaamua kitambaa kikunjuliwe katika chumba chake kizuri. Tukajazana humo, jua la asubuhi likipita kwenye vile vioo vyake. Kungwi akakunjua. Wanawake wakainama, wakatazama, wakatazamana.

"Hakina kitu," mama mkwe akasema. "Mmetuletea chungu kilichotoboka."

Kungwi wetu, aliyekuwa na maneno makali kuliko pilipili, alianza kukikunja upya kitambaa. Na mimi, nisiseme uongo, kwanza nilimkasirikia mdogo wangu. Nilimkasirikia kwa moyo wote. Nikainamisha kichwa kwa aibu, na hapo macho yangu yakaangukia kanga niliyovaa. Ilikuwa nyeupe yenye maua mekundu, niliinunua mwenyewe kwa ajili ya harusi ile. Maua hayakuwepo. Kanga nzima ilikuwa rangi moja. Nikaivuta karibu na macho, nikaipapasa, hayakuwepo.

Nilikinyakua kile kitambaa nikatoka nacho uani. Wakanifuata wakipiga kelele kwamba ni mwiko kukitoa juani. Nikakitandaza juu ya kamba ya nguo. Maua ya kanga yangu yalikuwa yamerudi, na doa lilikuwepo, dogo, wazi kwa kila mwenye macho.

Vigelegele vikapigwa na midomo ileile. Mama mkwe akacheka, akasema mwanga umemchezea, akaagiza mbuzi achinjwe. Hakuomba radhi. Nikapita barazani, nikamkuta bwana harusi anakunywa kahawa. Yeye alikuwa ameliona doa lile alfajiri, na zogo lote amelisikia. Nikamwuliza kwa nini hakusema hata neno moja. Akanijibu kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Nilitamani kummwagia ile kahawa, na ninajuta kwamba sikummwagia.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani. Ukuta ulikuwa mwembamba, alisikia yote, lakini bibi harusi hana kauli siku hiyo. Nikamsimulia habari ya vioo na kanga yangu, nikicheka, nikimsema mama mkwe wake, nikijiona shujaa. Hakucheka.

"Dada," akasema, "uliamini walivyosema?"

Nikamwambia kidogo tu, kabla sijaitazama kanga.

"Na kama ungekitoa nje, ukakuta doa halipo, ungesema nini?"

Nilikuwa na maneno tele siku ile, ya mama mkwe, ya mume, ya kungwi, na ya yule mzee na madirisha yake. La kumpa yeye sikuwa nalo. Akajifunika ushungi akageukia ukutani, kwa sababu jibu alikuwa amekwisha lipata.