Mtamba Aliyebaki Ibadakuli

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa sekondari habari za Ghana ya kale: dhahabu iliyobadilishwa kwa chumvi, misafara ya ngamia, na mfalme ambaye, alipofariki, kiti chake kilikwenda kwa mwana wa dada yake, si kwa mwanawe mwenyewe. Jambo hilo la mwisho huwachekesha kila mwaka. Sikutarajia kwamba siku moja lingeketi sebuleni kwetu, Ibadakuli, likitaka kuoa.

Mchumba wa binti wa kaka yangu alikuwa Mghana, fundi wa mitambo katika mgodi mmoja upande wa Geita. Siku ya mahari alifika na ng'ombe wote waliotakiwa, akatuamkia kwa Kiswahili alichojifunza chini ya ardhi. Baba yetu mdogo, msemaji wa familia, akamuuliza kwao ni watu gani.

"Waashanti, baba," akajibu, kisha akasimulia. Nchi yao iliazima jina la ufalme wa kale uliokuwa mbali kaskazini, karibu na jangwa. Mababu zake walichimba dhahabu msituni, wakawauzia watu wa kaskazini, halafu Wazungu wa pwani, hadi ngome zilizohifadhi dhahabu zikafungiwa watu wa kuuzwa utumwani. Waingereza waliiita nchi hiyo Pwani ya Dhahabu. Uhuru ulipokuja, wenyewe wakachagua jina la kale.

"Vizuri. Na mwanao atakuwa wa ukoo gani?"

"Kwetu ukoo hutoka kwa mama, baba."

"Mama yake ni Msukuma."

"Ndiyo."

"Basi kwenu hana ukoo. Na huku, ng'ombe wakishaingia zizini, mtoto ni wa kwenu, upande wa baba. Atakuwa wa nani, wa mgodi?"

Watu walicheka. Binti wa kaka yangu, aliyesimama mlangoni na trei ya vikombe, hakucheka.

"Tuwarudishe ng'ombe?" kaka aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ukiwarudisha, mwanao ataitwa aliyeolewa bure," nikamwambia.

Mgeni aliinua uso. "Mama yangu aliniuliza hilohilo kwa simu. Mimi nitampa mtoto jina, hiyo ndiyo kazi ya baba kwetu. Ukoo sina wa kumpa."

Baba mdogo akavaa kandambili zake, akatoka hadi zizini. Tulimfuata. Miongoni mwa ng'ombe wale alimgusa mtamba mmoja mwekundu begani.

"Huyu si mahari tena. Ni wa wajukuu watakaozaliwa. Wajomba zao watamchunga hapa, na uzao wake ni mali yao. Mwenye ng'ombe katika zizi hili haulizwi kwao ni wapi."

Mgeni akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Baba, hata kwetu mtoto humtegemea mjomba."

"Basi mlijifunza kwetu," baba mdogo akasema, kisha akamgeukia binti wa kaka yangu. "Mayu, mama yangu, leta hivyo vikombe, chai inapoa."

Mtamba alizaa kabla ya bibi harusi, na mawifi walimtania kwa hilo mpaka naye akajifungua binti. Akinipigia simu kutoka Geita, hunisalimu haraka, "Shikamoo shangazi," kisha, hata kabla sijamaliza kuitikia, huuliza kama ng'ombe wa mwanawe amekunywa maji.