Rangi ya Kucha Chini ya Kapo

Mambo yote yalinigharimu dola themanini na tano na fundi mmoja. Dola nilizihesabu mara mbili, zikabaki themanini na tano. Fundi sikuhitaji kumhesabu, maana nilikuwa na huyo mmoja tu.

Kwanza niseme juu ya gari, najua mtacheka. Ni gari ya spoti, milango miwili, usukani kuume, imezeeka kama mimi. Ilinifikia kupitia Dar es Salaam, na sikumbuki tena ni nani aliyenidanganya kwamba Bukavu kuna barabara ya kuiendesha. Naipenda hivyo hivyo. Mwaka jana ikaanza kutetemeka ikiwa imesimama. Unaiwasha, unaiacha kwenye ralanti, mguu mbali na mafuta, na usukani unakutikisa hadi mabega. Ukikanyaga kidogo, inatulia.

Fundi wangu ana garaji kule Bagira. Miaka kumi na minne amenitengenezea magari. Mafundi wa jeep na minibasi wamejaa mjini, lakini wa kugusa injini kama hii bila kubaki na skrubu tatu mkononi asijue zimetoka wapi, nilimjua yeye peke yake. Nikimkosa yeye, gari inageuka nyumba ya kuku.

Aliisikiliza dakika mbili, mkono juu ya kapo, kile kifuniko cha injini.

«Grand, ni ule mupira wenye unashikaka moteri. Umekufa. Ulete gari mardi, asubui.»

Sasa, mtu wa hapa kwetu hapeleki gari garaji hivi hivi. Ama unakaa kwenye kibao tangu asubuhi ukiangalia mikono ya fundi, ama unatia alama kwenye vyuma vyako, ili betri iliyoingia mpya isitoke nzee. Jumanne hiyo nilikuwa na matanga, kukaa sikuweza. Basi nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikatia alama: buji nne, zile plagi za kuwasha moto, nyaya zake nne, betri, na kila mpira mdogo wa hewa nilioufikia. Tena si juu, ambapo mtu anaiona na kuiiga. Nilipaka upande wa chini. Ili kuufikia huo upande, ilibidi niinyonge ile mipira. Mmoja wa nyuma ulikuwa mgumu kama muhogo mkavu. Nilipoukunja ulisema «tak». Nikafikiri ni kidole changu, kwa umri huu vinasemaga. Nikahesabu alama: kumi na tisa. Nikarudia: kumi na tisa.

Njiani gari ilitetemeka kuliko siku zote. Nikalaumu barabara, ambayo haijawahi kukana.

Nilipotoka matangani, mpira wa kushika injini ulikuwa umebadilishwa. Tukawasha. Gari ikatetemeka hata kioo cha ndani kikakataa kunionyesha sura yangu. Fundi akakunja uso.

«Aa. Hii haikukuwaka hivi.»

Mtu mwingine angesikia wasiwasi wake. Mimi nilisikia mwizi anatafuta njia. Nikatoa kioo kidogo mfukoni, nikainama, nikaanza kuhesabu alama zangu. Kumi na tisa. Nikarudia.

«Papa, uko natafuta nini mu gari yako, mayayi?» akauliza maman anayeuza beignets, yale maandazi, mlangoni.

Alama zote zilikuwepo, ningenyamaza. Lakini rangi nyekundu inauzwa kila mahali, hata mwizi anaweza kuinunua. Nikasema, tena kwa sauti ya kusikika barabarani:

«Buji zangu ziko wapi?»

«Buji? Ziko mu moteri. Ningezitia wapi tena?»

«Nasema zile za kwangu.»

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

«Sawa, monsieur. Ukuje karibu.»

Miaka kumi na minne alikuwa ananiita grand, kaka mkubwa.

Akawasha injini, akashika koleo lenye mpira, akaanza kuchomoa nyaya za buji, moja moja. «Kama buji moja haifanye kazi, nikitosha waya yake, moteri haitasikia kitu.» Akachomoa ya kwanza: injini ikataka kuzimika. Akairudisha. Ya pili, vilevile. Ya tatu. Ya nne.

«Zinafanya kazi ngapi?»

«Ine.»

«Tuhesabu tena. Najua unapendaka.»

Akarudia zote. Kisha akachukua chupa ya maji ya sabuni yenye tundu kwenye kifuniko, akainyunyiza polepole kwenye mipira ya hewa. Alipofika ule wa nyuma, maji yakanywewa yakipiga mluzi, na injini ikatulia kidogo. Akanituma nikae kwenye usukani, akaweka kidole pale: sura yangu ikaonekana kwenye kioo. Akakitoa: ikavunjika tena.

Akauchomoa ule mpira, akaupeleka kwenye mwanga. Ulikuwa umepasuka pale pa kukunja, na rangi nyekundu imeingia hadi ndani ya ufa.

«Kama ungepasuka nyuma ya kupaka rangi, rangi nayo ingepasuka. Hii iliingia mu ufa ikiwa ingali maji. Sasa, monsieur, nani alipaka?»

«Ni rangi ya bamaman, ile!» akasema muuza beignets, na garaji yote ikacheka. Fundi hakucheka.

Aliweka mpira mwingine wa dola tatu. Injini ikatulia hata nikatega sikio kuhakikisha bado inawaka. Nikampa malipo ya kazi, na dola kumi juu. Ile kumi akanirudishia.

«Garaji iko mingi. Utafute yenye iko na kiti kizuri, ukuwe unachunga.»

Sasa ni miezi mitatu. Nilimpelekea kreti ya bia, akaniomba nihesabu chupa mbele yake kabla sijairudisha nyumbani. Nikamtuma mke wangu, fundi akampokea vizuri sana, akamwambia: «Gari ya maman nitatengeneza. Ya monsieur, hapana.» Na kitu ambacho sijamwambia yeyote: hata alipokuwa ananionyesha ule ufa, pembe moja ya kichwa changu iliuliza kama si yeye aliyeupasua.

Basi ninyi mnaosoma, nishaurini. Mtu kama huyu anaombwaje msamaha? Nimfuate kwake dimanche, Jumapili, mbele ya watoto wake, au palepale garajini, mbele ya waliosikia nikimshtaki? Na kile cha pembe ya kichwa, nikiseme au nikimeze? Msikawie kunijibu, breki zimeanza kulia.