Waliofuata Kombe Hadi Jericho

Niite muongo ukitaka, ruhusa nimekupa. Lakini kabla hujaniita, pita mtaani kwetu Jericho, ingia jikoni kwangu, uniulize sufuria kubwa ya mama yangu iko wapi. Mimi si mtu wa kuona vitu. Sinywi, na nyumbani kwetu mizimu haikutajwa hata kwa mzaha. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, mshumaa mkononi.

Yalianza na safari yetu akina mama wa kanisa kwenda Mombasa. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja umelala, ulimi umefungika kabisa. Mwanamke aliyegombana na wauza nyama wote wa Soko la Burma kwa sababu ya mfupa mmoja, sasa alikuwa ananitazama tu. Na bahari hakuwahi kuiona maisha yake yote. Nikasema, kama hawezi kuifuata, basi itakuja yenyewe.

Unatujua sisi watu wa bara. Mtu akifika Mombasa lazima arudi na maji ya bahari kwenye chupa, majirani waonje kama kweli yana chumvi. Nilijaza yangu. Kisha maji yalipokupwa tukatembea juu ya miamba iliyobaki wazi, tukiruka vidimbwi vyenye samaki wadogo, na hapo nikaokota kombe, lile gamba kubwa la konokono wa baharini. Lilikuwa tupu, rangi ya chai ya maziwa.

Karibu yangu mwanamke mmoja alikuwa akibandua chaza mwambani kwa kisu. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Dada, hilo liache. Lina wenyewe."

"Si ni tupu?"

"Ndiyo maana. Kuna kaa wasiokuwa na gamba lao, mgongo laini kama wa mtoto mchanga. Huingia kwenye makombe yaliyoachwa. Wakikua hupanga foleni. Mkubwa akipata jipya, anayemfuata anaingia la mkubwa, na wa nyuma yake vivyo hivyo, mpaka mdogo wa mwisho. Ukilibeba hilo, wote wamekwama."

Nilimjibu kwamba makombe ya bahari nzima hayawezi kuisha kwa sababu yangu. Nikalitia mkobani. Usinitazame hivyo, hata wewe ungelichukua.

Sasa sikia. Nilirudi nikamwekea mama kombe sikioni. Akafumba macho, akasikiliza. Siku kadhaa baadaye, yeye ambaye hakuwa ametamka neno tangu augue, akasema, "Linapumua." Nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Tangu hapo kila akilisikiliza alipata maneno mengine. Likiondolewa, ulimi ulirudi kulala. Ungekuwa wewe, ungelitoa?

Chupa ya maji niliiweka dirishani, kifuniko kimekazwa. Nikaanza kuona maji yanapanda hadi shingoni, kisha yanashuka hadi nusu, kisha yanapanda tena. Yalikuwa yakijaa na kupwa hapo Jericho, ambako hata maji ya mfereji huja siku yakitaka. Sikumwambia mtu.

Jioni moja mvua ilikuwa inanyesha, stima imepotea, nimewasha mshumaa, na maji ya chupa yameshuka kuliko siku zote. Nikasikia hodi. Mlangoni alisimama mtu mrefu aliyeinama, mgongoni ana pipa la plastiki lililopasuka. Nilidhani ni mmoja wa waokota taka. Lakini pipa halikuwa na kamba. Mgongo wake ulikuwa umeingia ndani yake. Na alinuka ile harufu ya miamba maji yakishaondoka.

"Nimefuata kombe," alisema kwa adabu.

"Kombe ni la mama yangu."

"Ilikuwa zamu yangu."

Akasogea, akienda kwa ubavu, na mshumaa ukamulika nyuma yake. Niamini. Foleni ilianzia mlangoni ikapita chini ya kamba za nguo, wamejipanga kwa kimo. Aliyemfuata alivaa mtungi uliokatwa. Wa nyuma yake ndoo ya rangi, kisha makopo, kisha vikombe. Wa mwisho alikuwa kama mtoto anayetambaa, na hakuwa na chochote. Mvua ilikuwa inampiga kwenye mgongo mtupu.

Hasira ilifika kabla ya woga. Mama amepata maneno yake baada ya kimya kile chote, halafu mtu aje na adabu zake kuyachukua? Nikasimama katikati ya mlango.

"Sikia, mzee. Hapa Jericho hatupokonywi kirahisi. Mama hajamaliza kuongea. Akimaliza, nitalirudisha mimi mwenyewe. Ukilitaka leo, utapita juu yangu."

Hakuingia, wala hakuondoka. Yule mdogo akaanza kulia kwa sauti nyembamba.

Mama akauliza kutoka kitandani, kombe likiwa sikioni, "Nani analia?"

"Hakuna mtu, mama."

"Usinidanganye, huyo ni mtoto. Mpatie mkubwa wao sufuria yangu."

Sufuria hiyo usiichukulie hivi hivi. Ilipika harusi na matanga ya mtaa mzima, na chini yake mama alichora msalaba kwa rangi nyekundu ya kucha ili isipotelee kwa watu. Nikaileta, shingo upande. Yule mtu akaigonga, akapitisha vidole ukingoni, akaingiza mkono kupima ndani, akiikagua kama mnunuzi asiyetaka kudanganywa. Kisha akajichomoa kwenye pipa. Hapo sikutazama. Nilipoinua macho alikuwa ameivaa. Mwenye mtungi akaingia pipa, mwenye ndoo akaingia mtungi, na mlio wa vyombo ukashuka foleni nzima mpaka mwisho. Kilio kikanyamaza. Wakaondoka kwa ubavu kwenye mvua.

Asubuhi Mama Otis, jirani yangu, aliniuliza, "Kwani jana mlikuwa mnahama? Hizo kelele za vyombo zilikuwa za nini?" Nikamwambia ni mvua.

Mama akaongea mpaka akatosheka. Alinisimulia ujana wake wa Murang'a, akaomba msamaha kwa wawili watatu, akawatukana wengine. Pasta alipotaka kombe lichomwe, nilimwonyesha mlango. Kisha siku moja mama alilitoa sikioni kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Nimemaliza." Hakukaa sana baada ya hapo.

Nilipomzika nikarudi Mombasa, kwa sababu nilisema nitalirudisha. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikaliweka kombe mwambani, nikakaa kando. Kaa mmoja, mkubwa kama ngumi, akatoka chini ya jiwe akiburuta kitu cha bati. Akalipima kombe ndani na nje, akahamia. Nikaokota alichokiacha. Ni sufuria inayotosha kiganjani, na chini yake pana msalaba mwekundu wa rangi ya kucha. Ninayo hapa.

Ukienda Mombasa, beba maji uwezavyo, lakini kombe tupu liache, kuna anayelingoja. Na kama ulishalibeba na jioni moja ukasikia hodi, usijifiche chini ya kitanda. Simama mlangoni useme shida yako. Ila uwe na sufuria nzuri ya kutoa, na uitie alama, ili siku ikikurudia uijue.