Kiingereza cha Stoo

Milango ya chuma utakayoiona ukipita Jericho, Maringo, mpaka kule Umoja, mingi nimeichomelea kwa mikono hii. Nenda uangalie. Kila mlango wangu una ua la chuma pale katikati, na mpaka leo hakuna fundi aliyeliiga likakaa sawa. Shule ya msingi sikuimaliza. Nilianza kwa kugonga masanduku ya bati ya watoto wanaokwenda bweni, nimechuchumaa kando ya barabara juani, na kufikia wakati ninaousimulia, miaka ya sabini ikielekea mwisho, nilikuwa na uwanja wangu wa kazi wenye uzio wa mabati, vijana niliowaajiri, pikapu, na televisheni ambayo laini yetu yote ya nyumba ilikuwa ikija kuitazama. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyeaibika.

Kabla ya ufundi huo nilifanya kazi Industrial Area, kwenye kiwanda cha sabuni. Mtaani walilijua hilo, na waliniita Nyapara. Jina lilianza kama utani wa akina mama wa bombani, kwa vile nilivyokuwa nikiwafokea vijana wangu wa kazi, halafu likashika. Mgeni akiuliza mbona naitwa hivyo, hakukosekana wa kumjibu: "Si alikuwa nyapara kule kwa sabuni! Aliendesha watu huyo." Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinitazama.

Binti yangu wa kwanza alikuwa darasa la tatu. Mwalimu wake alikuwa msichana mdogo tu kutoka upande wa magharibi, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na jambo moja lililomnyima usingizi, nalo ni vitenzi. Siku ya mkutano wa wazazi alisimama mbele yetu akasema, "Wazazi wangu, hawa watoto wanajua majina ya vitu kwa Kiingereza. Meza wanaijua. Mlango wanaujua. Lakini mwambie mtoto aufungue huo mlango, anaukodolea macho. Mimi nataka wajifunze kitenzi kwa kukifanya. Mmoja anasema, mwenzake anafanya. Sasa huko nyumbani nani atanisaidia?"

Wazazi wakaangalia chini. Jirani yangu mmoja, karani wa ofisi mjini, mtu wa kusoma gazeti la Kiingereza kila asubuhi, alianza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Nikainuka.

"Mwalimu, walete kwangu Jumamosi asubuhi. Kiingereza mimi sikukisoma kwa kitabu. Nilikisikia kwa masikio haya, kutoka kwa wenyewe."

Mama mmoja akadakia kutoka nyuma, "Huyo ni Nyapara, mwalimu. Mwachie!" Watu wakacheka, wakanipigia makofi. Nilirudi kitini nikijiona mtu.

Jioni mke wangu alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua uso.

"Baba watoto, wewe unajua Kiingereza gani?"

"Cha kazi."

"Hao ni watoto wa watu."

"Na kitenzi ni nini? Si kazi? Kuinua, kubeba, kusukuma, hizo si kazi? Nani hapa mtaani anazijua kazi kuliko mimi?"

Alitupa jiwe moja dogo nje ya ungo, akaendelea kuchambua.

Na nilifundisha vizuri. Hilo silitoi kwa mtu. Walimu wa chuo wangekuja pale wangejifunza kitu. Niliwapanga watoto katikati ya uwanja, nikampa kila mmoja kitu cha kushika: kipande cha bomba, debe, gunia tupu, fagio. Nikisema "Lift!" kila mtoto anainua alicho nacho. "Carry!" kinapanda begani. "Push!" na wote wanaikimbilia pikapu yangu na kuisukuma, na siku moja ilikwenda kweli mpaka ikagonga mapipa. "Drop it!" na vyuma vyote chini kwa mlio mmoja, majirani wakitoa vichwa madirishani. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Jumamosi iliyofuata walikuja na wadogo zao.

Nikaongeza mengine. Niliyakuta yako tayari mdomoni, sikuyatafuta: "Hurry up!" "Not there!" "Stop talking!" "Wait outside!" Nikawafundisha na jinsi ya kupokea neno. Mtu akiitwa anakuja mbio, anavua kofia, anasema "Yes, sir." Asiye na kofia avue hewa. Halafu nikawaacha wafanye wenyewe, mmoja akisema na mwenzake akitenda, kama mwalimu alivyotaka, na ugomvi ulikuwa mmoja tu kila Jumamosi: wote walitaka kuwa wa kusema. Wa kubeba ilibidi nimchague kwa nguvu.

Binti yangu akaniletea salamu kutoka shuleni. "Mwalimu anasema asante. Anasema sisi wa Jumamosi tunashika vitenzi kuliko darasa la nne." Salamu hizo nilimsimulia kila mteja aliyekuja kuulizia dirisha.

Siku ya kufunga shule nilivaa koti, nikakaa mstari wa mbele karibu na hedimasta. Ukumbi ulijaa. Kwanza darasa la tatu walionyesha ya mwalimu wao. Mtoto anamwambia mwenzake afungue dirisha, anafungua. Anamwambia amimine maji kwenye kikombe, anamimina, anakunywa. Amchore ng'ombe ubaoni, anamchora, na mwenyewe anatueleza kwa sauti kile anachofanya. Mambo ya polepole. Niliwaza moyoni, ngojeni muone.

"Na sasa," mwalimu akasema, "kundi la Jumamosi, lililofundishwa na mzazi wetu." Nikainuka. Nikapunga mkono kulia, kushoto, na nyuma pia.

Binti yangu akatoka mbele. Mtoto huyu ni mpole, nyumbani anaongea na kuku. Alisimama pale akapeleka mikono mgongoni, akaishikanisha. Akatoa tumbo. Akaanza kutembea huku na huku, visigino vikigonga sakafu, macho yakiwa juu ya vichwa vya watu kana kwamba hapakuwa na mtu ukumbini. Halafu mkono mmoja ukachomoka nyuma, kidole kikaonyesha upande bila yeye kugeuka kuona anamwonyesha nani.

"You! Come here!"

Mtoto wa karani akaja mbio, mgongo umeinama. Akavua kofia. "Yes, sir."

"Lift! Carry! Hurry up! Not there! Not there! Stop talking!"

Mtoto akapakia kiti begani, akazunguka nacho akihema, akakiweka, akafokewa, akakibeba tena. Ukumbi ulikuwa ukicheka. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka. Kile kitumbo, zile hatua, kile kidole kisichomtazama mtu, sikuwa nimemfundisha. Nilikuwa nimefundisha maneno tu, au ndivyo nilivyodhani. Kumbe kila Jumamosi nilikuwa nikisimama vile mbele ya watoto wa watu, na yeye alikuwa akitazama.

Nyuma kabisa mtu akapiga ukelele. "Haki ya Mungu! Huyo ni bwana wa stoo!"

Nilimjua kwa sauti kabla sijageuka. Tulifanya kazi pamoja stooni kule kwa sabuni, chini ya bwana huyo, na yeye alikuwa bado yuko huko. Sikujua kwamba alikuwa amehamia mtaani kwetu na mtoto wake anasoma pale.

"Mnaona hicho kidole? Ni yeye mtupu! Mpaka leo hajaacha!" Na wanaume wengine wa viwandani, waliokaa huku na huko, kila mmoja akawa amemwona bwana wa stoo wake mwenyewe, wakapiga mapaja wakicheka mpaka machozi.

Yule mama wa siku ile ya mkutano akasema, "Basi ndiye Nyapara wetu huyo, anavyofoka!"

"Nyapara gani, mama? Huyu ndugu yangu ni yule anayebeba kiti! Magunia ya magadi tulibeba naye, bega kwa bega." Akanipungia mkono kwa mbali, uso umefurahi kweli. "Umewafundisha, bwana! Hata kofia hukuisahau!"

Hakuwa na ubaya wowote. Alifurahi kuniona, ndiyo shida. Angekuwa adui ningejua la kumfanya. Bega langu la kulia lina ngozi iliyobabuka kwa magadi yale, na nilikuwa nimeishi mtaani miaka yote hiyo bila kuvua shati mbele ya mtu. Sasa nilijiona nimekaa mstari wa mbele bila shati. Hedimasta aliangalia saa yake ya mkononi, muda mrefu.

Mwalimu aliliona. Nadhani alitaka kuniokoa. Akamshika mtoto wa karani bega, akasema, "Vizuri sana. Sasa tumsikie na mwenzake. Wewe unayebeba, tuambie unafanya nini."

Mtoto akakaza kiti begani. Akamtazama binti yangu. Na binti yangu, ambaye alikuwa bado ameshikanisha mikono mgongoni, akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti safi iliyofika mpaka mlangoni:

"Mwalimu, yule wa kubeba hasemi kitu. Baba hakutufundisha ya kwake. Yeye ni kubeba tu."

Kicheko kikaisha. Mwalimu akanigeukia kidogo, kama mtu anayengoja msaada, na mimi nikatafuta. Nilitafuta kichwani Kiingereza cha yule mtu mwenye kiti begani, neno moja tu nimpe mtoto wa watu, na sikulipata. Miaka yote ile stooni niliokota maneno ya yule bwana, nikayatunza kama mali, nikawa najivunia kwamba ninayo. Langu mimi hata moja sikuwa nalo. Sisi tuliongea akishaondoka, kila mmoja kwa lugha ya kwao, na yale yalikuwa ya kumtukana mama yake.

Watu walipiga makofi ya kumaliza. Nilitoka kwa mlango wa pembeni.

Njiani nilitangulia. Mke wangu alikuwa nyuma, ameshika viatu vya mtoto wetu mdogo. Binti yangu akakimbia akanifikia.

"Baba, wewe ulikuwa yule wa kubeba?"

Mbele yangu kulikuwa na watu tuliotoka nao ukumbini, na nyuma wengine.

"Baba?"

"Hurry up," nikamwambia.

Lilitoka vile vile, kama yalivyokuwa yakitoka Jumamosi. Aliacha kuuliza. Akaongeza mwendo, akanipita, akaenda mbele yangu kwa hatua za harakaharaka mpaka nyumbani, wala hakugeuka. Na mimi nilimwacha aende hivyo. Niliaibika mara mbili siku ile, na hii ya pili hakuna aliyeiona isipokuwa mke wangu, ambaye usiku huo aliniwekea chakula akakaa upande mwingine wa chumba.

Jumamosi watoto walikuja tena. Mtoto hajui kwamba mambo yameharibika. Niliwaambia vijana wangu wasiwafungulie, nikajitia kupima vyuma. Watoto waligonga, wakangoja, wakachoka kungoja, wakaanza mchezo wao huko huko nje. Niliwasikia: "Lift! Carry! Hurry up!" Mabati ya uzio yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani. Nikainama kwenye moja.

Wa kusema alikuwa mtoto wa karani. Wa kubeba alikuwa binti yangu, na hakuna aliyemlazimisha, maana wenzake walikuwa wakimshangaa. Alikuwa na tofali begani. Alitembea nalo kidogo, akasimama. Akalishusha taratibu, akalipangusa vumbi, akalikalia.

"Get up!" mtoto wa karani akafoka.

"No," akasema. "I am tired. I am sitting. I am drinking tea." Akashika kikombe cha hewa kwa vidole viwili, akapuliza, akanywa.

"Hiyo haimo!" watoto wakapiga kelele. "Wa kubeba hasemi! Wewe mwenyewe ulisema!"

"Sasa anasema. Nilimuuliza mwalimu siku ile ile tukitoka. Hata wewe ukichoka unasema hivyo." Akanywa tena, bila haraka.

Nilikwenda mlangoni kufungua. Komeo ni langu, nililitengeneza mwenyewe, nalo ni jepesi. Lakini mikono niliikuta mgongoni, imeshikana. Sijui ilikuwa hapo tangu saa ngapi. Nikaiachanisha kwanza.

Mlango ulipofunguka watoto waliruka wote wakasimama wima. Mtoto wa karani akavua kofia. Wengine wakavua hewa. "Yes, sir!" wakaniambia kwa pamoja, kwa furaha, kama nilivyowafundisha.

Binti yangu naye alikuwa amesimama. Kikombe kilikuwa bado mkononi, amekiinua kifuani, na alikuwa akinitazama usoni kujua kama akimwage.

"Kaa, mama," nikamwambia. "Maliza chai yako."