Barua ya Daktari Niliyoificha

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nilipoteleza kwenye ngazi za bweni la chuo na kugonga kichwa sakafuni. Daktari alisema ubongo umetikisika. Kwa wiki nne nisisome, nisibebe kitu kizito, nipumzike tu. Akaniandikia barua ya kumpa mhadhiri wangu. Mimi, mkaidi tangu utotoni, niliikunja nikaificha ndani ya Biblia. Mitihani ilikuwa imekaribia, na niliogopa wenzangu wangehitimu na kuniacha.

Nikasoma hivyo hivyo. Herufi zilicheza, mwanga wa dirisha ukaniumiza macho, na ukurasa mmoja niliusoma mara tano bila kushika neno. Jumamosi nikaenda nyumbani, Othaya. Sikutaka majirani waseme chuo kimenifanya mvivu, basi nikafunga mzigo wa kuni, nikaubeba mgongoni huku mkanda wake ukinikaza paji la uso, kama wanawake wa kwetu wanavyobeba. Ujinga wa kisomi huo! Sikufika mbali. Nilipiga magoti kando ya shamba la majani chai, nikatapika.

Nyanya yangu, Cucu Wairimu, ndiye aliyenikuta. Alinivua ule mkanda, akanihoji hadi nikasema yote.

"Ati ulificha barua ya daktari?" akauliza. "Kuni tutapata ingine. Hiyo kichwa uko nayo moja tu."

Nikalia, nikamwambia nitabaki nyuma mwaka mzima.

"Basi si ubaki tu! Mimi niko hapa, nitakungoja."

Jumatatu alifunga kitambaa chake cha kanisani, tukaenda pamoja hadi chuoni. Nilipompa mhadhiri ile barua, Cucu aliketi kando yangu, mkono wake gotini pangu. Mitihani yangu ikaahirishwa. Nikalala, nikapona polepole, nikahitimu mwaka mmoja baada ya wenzangu, naye Cucu akapiga vigelegele hadi nikaona haya. Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuniuliza kwa nini nilichelewa.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya bibi yule kila ninapofungua kitabu nikakielewa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami nusura kinifichue. Kwa hiyo, mwanangu, ukiumia, sema. Ukiambiwa upumzike, pumzika bila haya, wala usiyapime maisha yako kwa hatua za wenzako. Kawia ufike. Mungu akulindie akili zako, akupe mtu wa kukukemea kwa upendo, nawe uishi hadi uzeeke umkemee mwingine.