Ribiti Nje ya Mstari

Tangazo la wizara lilisema bayana, na kwa mhuri: kila kishikio cha funguo kitakachotengenezwa kutokana na ndege ya kivita namba tisa, iliyostaafu kwa heshima, ni kipande halisi cha bati lake la awali, kama lilivyotoka kiwandani, ambalo halikuguswa na mkono wa fundi. Vitakuwa elfu mbili, kila kimoja na cheti chake.

Mkono wa fundi ambao haukuigusa ndege hiyo ulikuwa wa mzee mmoja mfupi aliyeitwa Kiraka. Haukuigusa kwa miaka ishirini na sita. Kila alipoziba ufa, katika kila safu ya ribiti, misumari ile ya kubania bati, ya mwisho aliigonga nje ya mstari kidogo, upana wa ukucha, ili kesho aitambue kazi yake. Wakubwa walimkaripia, wakachoka, wakastaafu.

Naye akastaafu. Sasa aliitwa kama kibarua kuikatakata ndege ileile, maana hakuna mwingine aliyejua inafungukia wapi.

Hakufuata ujira. Siku binti yake alipozaliwa, yeye alikuwa amelala chali chini ya bawa la kushoto akigonga kiraka. Alifika hospitali mtoto keshapewa jina. Binti hajaacha kumchokoza kwa hilo. Juzi alifungua duka lake la ushonaji, funguo kazifunga kwa uzi. Mzee akamwahidi kipande cha kiraka kile.

"Sawa, baba," binti alisema. "Usichelewe tu."

Msimamizi, kijana nadhifu wa koti jeupe, alimweleza kwa upole kwamba viraka si bati halisi, vitaingia tanuruni Ijumaa, na kumpa mtu hata kimoja ni kugawa mali ya serikali. Kiraka aliitikia ndiyo, bosi. Akavipanga vyote kando ya ukuta, cha bawa la kushoto juu kabisa, akavifunika turubai.

Jumatano mashine ya kukatia ikawashwa. Bati la awali, lililopigwa na mvua na jua uwanjani miaka tisa, lilikuwa limeoza ndani kwa ndani. Lilipobanwa likameguka kama biskuti. Wakapunguza kasi, likameguka polepole. Kufikia saa nane mchana walikuwa na ndoo tatu za makombo, kishikio hata kimoja hakuna, na waziri anakuja Jumamosi kuvizindua.

Msimamizi alisogea karibu na turubai, akavitazama viatu vyake.

"Mzee wangu, vile viraka umeshavitupa?"

"Ulisema Ijumaa."

"Vinakatika?"

"Vyangu? Vinakatika." Kiraka akafunua turubai. "Ila cha kwanza ni cha mwanangu. Na nakikata mimi."

Msimamizi aliifikiria mali ya serikali kwa muda wa kutosha, kisha akatoka nje kuangalia kama mvua inakuja.

Binti alikipokea akiwa kwenye cherehani. Akakipapasa, kidole kikakwama kwenye tundu lililokaa vibaya.

"Kumbe hiki ndicho kilichokuchelewesha?"

"Ndicho."

Akaukata ule uzi kwa meno, akazihamisha funguo.

Vilivyobaki viliuzwa vikaisha kwa wiki moja. Wakusanyaji wa vitu vya kumbukumbu, ambao ni watu makini, sasa wanaonyana wasije wakauziwa bandia: kipande halisi hutambulika kwa tundu moja la ribiti lililo nje ya mstari, upana wa ukucha.