Tulivyotembezwa Xi'an

Pale Uyole, karibu na malori yanapoegeshwa, siku hizi kuna mama anachoma mishkaki, na tofauti yake na wachomaji wengine ni kwamba anainyunyizia bizari nyembamba wakati mafuta yanadondokea mkaa. Watu wanapanga foleni. Mimi nikipita hapo huziba pua kwa mtandio, na wanaonifahamu wanadhani ninaringa. Si maringo. Harufu ile ikinipata huwa nina miaka kumi, nimesimama kwenye mtaa wa Waislamu katika mji wa Xi'an, China, mkononi nina vijiti vitatu vya nyama ya kondoo, na nina furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Furaha hiyo ndiyo nisiyopenda kuikumbuka.

Baba yangu alikuwa Mnyakyusa, kwao Iyunga, Mbeya. Mama ni Mhehe wa Iringa, na tuliishi Kihesa katika nyumba ya vyumba viwili, kimoja cha kulala, kingine cha cherehani. Nilipokuwa na miaka minne baba alipata nafasi ya kwenda China kusomea ujenzi wa barabara. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila Jumapili, halafu kila mwisho wa mwezi, halafu Krismasi na Pasaka. Masomo yakaisha, yeye hakurudi. Alisema amepata kazi ya kusafirisha mizigo. Watu walipomuuliza mama, alijibu, "Nyumba haimfuati mtu, mtu ndiye anayeifuata nyumba." Baadaye akawa anasema hivyo hata asipoulizwa.

Nilipokuwa darasa la nne, baba akatuma tiketi. Likizo ya mwezi wa sita, wiki moja, mimi na mama. Kihesa nzima ilijua. Kina mama wa jumuiya walikuja kutuombea, wakaimba mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Mama alishona shati la kitenge la baba bila vipimo. Nilimwona chumbani, ameinua mikono hewani, anakumbatia mabega ambayo hayakuwepo, halafu anaipeleka ile mikono kwenye futi kamba na kusoma.

Mwezi wa sita Iringa ni baridi ya kugonga meno, kwa hiyo tulifungasha masweta. Xi'an ilitupokea kama mdomo wa tanuri. Baba alitungoja pale uwanja wa ndege, amenenepa, ananukia marashi. Mimi alinibeba juu. Mama alimpa mkono.

"Karibuni China," alisema. "Ninapokaa wanapaka rangi. Nimewachukulia hoteli, harufu ya rangi isije ikawaumiza."

Hotelini mama alimtolea shati. Alijaribu, vifungo vikagoma katikati ya tumbo, akacheka sana. "Mama Tuse, hili umemshonea nani?" Jina langu ni Tusekile. Mama naye akacheka, akasema kumbe mume wake amekuwa mtu mzima, akalikunja na kulirudisha sandukuni. Jioni baba aliondoka. Alisema anawahi zamu.

Lazima niseme kweli: baba alijua kutembeza wageni. Asubuhi alitukuta tumeshakunywa chai, ana kofia, ana maji, ana ratiba. Alitueleza kwamba wafalme walikaa mji huu enzi moja baada ya nyingine, hata kabla Beijing haijawa chochote. Alitupandisha juu ya ukuta mkubwa unaouzunguka mji wa kale, mpana kiasi cha malori mawili kupishana, akakodi baiskeli ya watu wawili. Mimi na yeye tukaendesha, tunapiga kengele, tunaipita minara yenye paa zilizobinuka kama pembe za ng'ombe. Mama alibaki kivulini na miguu iliyovimba. Wachina walikuwa wanamwomba kupiga naye picha, kwa sababu ya kitenge chake na weusi wake, na yeye alikubali kila mmoja, amekaa wima kama yuko studio.

Baba naye alitupiga picha nyingi, ila hakuingia hata moja. Nikimwita alisema, "Nani sasa atashika kamera?" Siku ile Mchina mmoja alijitolea kuishika. Baba akamshukuru kwa Kichina, akakataa.

Tuliposhuka ukutani mama alimuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei tu, "Kwako tutapaona lini?"

"Sasa Mama Tuse, we umekuja kuona nyumba au umekuja kuona China?"

Mimi nilicheka. Ndiyo, nilicheka, tena nikarudia, "Umekuja kuona nyumba au China?" nikiigiza sauti yake, na baba akanipigapiga kichwani. Siku zile nilikuwa nimeshachagua upande. Baba alikuwa baiskeli, aiskrimu na kamera. Mama alikuwa masweta.

Siku ya tatu tulikwenda kuona askari wa udongo. Wamesimama ndani ya mashimo marefu kama mabanda ya kuegeshea ndege, maelfu, kila mmoja na uso wake, wanamlinda mfalme aliyezikwa jirani. Mwongozaji alikuwa anaeleza kwa kipaza sauti na baba anatafsiri. Alisema mfalme alipokufa, inasimuliwa kwamba wanawake wake ambao hawakuzaa walizikwa naye, wazima.

"Na waliozaa?" mama aliuliza.

"Hao waliachwa."

Mama alitikisa kichwa taratibu, akaegemea kile chuma cha kuzuia watu, akawaangalia askari muda mrefu. Nilimvuta kitenge twende tukanunue soda.

Tuliporudi, jua bado kali, baba alimwomba mama washuke kwenye bustani ya hoteli waongee kidogo. Niliwaangalia kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Baba alikuwa anaongea huku anaangalia simu yake. Mama alikuwa anavuta nyuzi kwenye pindo la kitenge, uzi mmoja mmoja, yeye fundi ambaye angenichapa kwa kuvuta uzi. Nilidhani wanapanga kesho twende wapi.

Kesho yake mama hakuamka. Alisema ni tumbo, akageukia ukutani. Baba alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Basi Tuse twende sisi." Nilivaa haraka, nikiogopa mama asije akapona.

Ndiyo siku ya mtaa wa Waislamu. Moshi, bizari, mafuta yanalia, wauzaji waliovaa kofia nyeupe wanaita wateja, keki za matunda zinakaangwa, watu bega kwa bega. Nilikula mpaka nikalegea. Halafu nikasikia mtoto anaita, "Baba! Baba!"

Niligeuka nikijua nimempata Mswahili mwenzangu. Alikuwa mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, nywele zimejikunja, anakimbia na viatu vinavyolia bipu bipu. Nyuma yake mwanamke wa Kichina mwenye nywele fupi na miwani. Mtoto alimrukia baba yangu miguuni.

"Kichina nacho kinasema baba," alinieleza, akimwinua kama mtu aliyezoea uzito ule. "Huku watoto wanaita hivyo kila mwanaume mkubwa. Huyu mama ni wa kazini."

Yule mwanamke alinishika shavu, akasema kitu kwa upole. Mimi nilikuwa namwangalia mtoto. Alikuwa na paji la uso la bibi yangu wa Iyunga, lile lililotokeza mbele, ambalo shuleni walinitania nalo kwamba mvua ikinyesha silowi macho. Nisijidanganye wala nisiwadanganye: nilijua. Mtoto wa miaka kumi anajua.

Baba alininunulia viatu vyenye taa kwenye kisigino. Njiani aliinama akanifunga kamba mwenyewe. "Mama anaumwa," alisema. "Tusimchoshe na maneno mengi." Nilikanyaga, taa zikawaka, nikakubali.

Mama aliniuliza, "Mmeona nini?"

"Nyama," nilijibu.

Siku ya tano aliamka, akaoga, akavaa kitenge kipya, akapaka rangi ya mdomo aliyoazima kwa Mama Eda, jirani yetu wa Kihesa. Tukaenda kuona mnara mrefu wa hekalu, ghorofa juu ya ghorofa, na siku ya sita mnara wa kengele. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anasema, "Nipige na hapa. Na hapa." Alitabasamu kila picha. Baba alifurahi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Unaona?" aliniambia. "China inatibu."

Picha zile mama alizisafisha Iringa mjini na kuzipanga kwenye albamu. Alhamisi ya kwanza baada ya kurudi, kina mama wa jumuiya walijaa chumba cha cherehani. Albamu ikapita mkono kwa mkono. Mama alieleza minara, wafalme na askari, akaeleza jinsi mume wake alivyotuhudumia. Akasema nyumbani kwake hatukufikia kwa sababu wanapaka rangi. Alilisema vizuri, na Mama Eda akasema, "Kweli, rangi inaumiza kifua."

Mimi nilikuwa napita katikati yao na sinia la vikombe, nakanyaga kwa nguvu ili taa ziwake.

"Vua hivyo viatu," mama alisema. "Unawaringia wageni."

"Sivui."

"Tuse. Vua."

Nilikuwa na neno nimelitunza wiki nzima, na nililijua uzito wake kama mtu anavyojua uzito wa jiwe kabla hajarusha. Nikasema, polepole, ili hata bibi mmoja mzee aliyekaa pembeni asikie, "Alininunulia baba. Siku wewe umelala. Tulikuwa na mke wake Mchina na mtoto wake, na yeye anamwita baba."

Mtu mmoja alicheka. Sijui nani, ilikuwa ni pumzi tu ya puani, ikakatwa. Albamu ilikuwa mikononi mwa Mama Eda, akaifunga taratibu kama mtu anavyofunga mlango wa mgonjwa. Mama hakunipiga. Alichukua sinia mikononi mwangu, akaanza kugawa chai mwenyewe, akimuuliza kila mmoja sukari ngapi.

Kabla ya Krismasi mama alituhamishia Mbeya, Uyole, kwa mdogo wake. Alisema Iringa kazi imepungua. Haikupungua. Alianza upya kushona mapazia na mito ya viti vya malori, kati ya watu ambao hawakuwahi kuiona ile albamu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni mimi niliyempa mama habari ile. Nilikua na kosa hilo, nikaolewa nalo. Mwaka jana, tukichambua maharage uani, nikalitoa, nikamwomba msamaha. Akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka.

"Habari? Habari alinipa mwenyewe, pale bustanini," alisema. "Alinileta ili aniambie uso kwa uso. Alisema ni heshima. Wewe hukuniambia kitu, Tuse. Wewe uliwaambia wao."

Maharage yakaendelea kuanguka kwenye ungo. Nikamuuliza sasa kwa nini aliamka siku ya tano, akapaka rangi ya mdomo, akapanda ngazi zote zile, akatabasamu.

"Tiketi ya kurudi ilikuwa ya Jumapili," alisema. "Ulitaka niende wapi?"